Mtoto Mahututi, Chati ya Maji na Saa ya Kuchuja Damu



Kuna swali ambalo wazazi hutuuliza mlangoni pa chumba cha wagonjwa mahututi: "Daktari, mmesema damu ya mwanangu imeingia sumu. Mashine ya kusafisha damu ipo. Mnangoja nini?" Mzazi anayeuliza hivyo ameligusa jambo zito. Wataalamu wamelibishania swali hilo hilo kwa zaidi ya miaka 30, na wengi wao walianza wakiamini kama anavyoamini yeye: ukichuja damu mapema, ukaitoa sumu kabla haijaharibu viungo, mtoto atapona. Mimi naona tofauti, na ndilo neno nililokuja nalo. Kuchuja damu mapema kunaweza kumsaidia mtoto mwenye mshtuko wa sepsisi, lakini msaada wenyewe ni kuondoa maji yaliyomzidi na kushika kazi ya figo zilizolala. Habari ya kutoa sumu ina ushahidi mdogo sana. Kwa hiyo saa ya kuwasha mashine tuitafute kwenye chati ya maji ya mtoto, tusiitafute ukutani.

Sepsisi huanza na maambukizi tunayoyajua: nimonia, njia ya mkojo, utumbo, kitovu cha mtoto mchanga, jeraha la moto. Mwili unapambana, na pambano likivuka mpaka linaanza kuumiza viungo vyake wenyewe. Mishipa midogo ya damu inalegea na kuvuja. Maji yanatoka ndani yake na kutuama kwenye nyama, mapafu na tumbo. Moyo nao unachoka. Damu inayofika kwenye ubongo, ini na figo inapungua, na hapo ndipo tunaposema mtoto ana mshtuko. Makadirio ya mwaka 2017 yalihesabu wagonjwa wapya milioni 48.9 wa sepsisi duniani. Zaidi ya milioni 20 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka 5, na watoto karibu milioni 2.9 wa umri huo walikufa.

Mwili wa mtoto huficha hatari. Presha yake inaweza kuonekana nzuri hadi karibu na mwisho, kwa sababu moyo unakimbia na mishipa ya mikono na miguu inajikaza. Muuguzi anayeijua kazi yake hangoji presha ishuke. Anapitisha mkono mguuni mwa mtoto kuanzia goti hadi vidole, asikie baridi inaanzia wapi. Anabonyeza ukucha hadi uwe mweupe, anaachia, anahesabu. Damu ikichukua sekunde 3 au zaidi kurudi, anaita daktari. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi ya watoto uliotolewa 2020 unataka antibayotiki ianze ndani ya saa 1 tangu mshtuko utambuliwe. Utafiti wa Pittsburgh, Marekani, uliochapishwa 2003, ulionyesha kwamba kwa kila saa ya ziada ambayo mtoto alibaki kwenye mshtuko, uwezekano wa kufa uliongezeka zaidi ya mara mbili. Nayatanguliza haya kwa makusudi. Antibayotiki iliyochelewa hakuna kichungi kitakachoifidia.

Sasa twende kwenye mashine. Aliyeifungua njia hii ni Willem Kolff, daktari wa Kiholanzi aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Kampen wakati nchi yake imekaliwa na Wajerumani. Mwaka 1943 alizungusha damu ya mgonjwa ndani ya mirija ya ngozi bandia ya soseji iliyoviringishwa kwenye pipa. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa, hadi mwaka 1945 alipookoka mwanamke wa miaka 67. Lakini dialisisi ya namna hiyo, ya saa chache kwa nguvu, mgonjwa mwenye mshtuko haiwezi. Presha yake inaanguka. Mwaka 1977 Peter Kramer wa Göttingen, Ujerumani, alionyesha njia ya upole: damu ichujwe polepole, usiku na mchana, bila kukatiza. Hiyo ndiyo tunayoizungumzia leo.

Inafanyika hivi. Katheta yenye njia mbili inaingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo au wa paja. Pampu inavuta damu kupitia njia moja na kuipeleka kwenye kichungi, ambacho ndani kina maelfu ya nyuzi zenye uwazi katikati na vitundu visivyoonekana kwa macho kwenye kuta zake. Anayekamua nazi kwa kifumbu anaijua kanuni: tui linapita, machicha yanabaki. Tofauti ni kwamba hapa tunachokitaka ni kile kinachobaki. Chembe za damu na protini kubwa zinarudi kwa mtoto kupitia njia ya pili. Maji na vitu vidogo vilivyoyeyuka ndani yake vinakwenda kwenye mfuko wa taka.

Na kichungi hakichagui. Kinatoa urea, potasiamu iliyozidi na asidi, ambavyo tunataka vitoke. Kinatoa pia fosfati, vitamini na antibayotiki ile ile tuliyoikimbiza ndani ya saa ya kwanza. Meropenemu, kwa mfano, inapita kwenye kichungi kwa wingi. Timu inayowasha mashine bila kupanga upya dozi za dawa inaweza kuwa inayamwaga matibabu kwenye mfuko wa taka huku ikidhani inamsafisha mtoto.

Hoja ya kutoa sumu ilikuwa na mvuto wa kweli, na sitaki niidharau. Mtoto mwenye sepsisi damu yake imejaa kemikali za uchochezi, zile ziitwazo saitokaini, na nyingine ni ndogo kiasi cha kupita kwenye kichungi. Miaka ya 1990, madaktari wa Melbourne na kwingineko waliokuwa wakiwatibu watoto wenye sepsisi kali, ikiwemo ile ya bakteria wa meninjokoko inayoweza kuua kwa siku moja, walijaribu kuchuja mapema, na waliona kwamba inawezekana bila kumdhuru mtoto. Mwaka 2000 Claudio Ronco na wenzake wa Vicenza, Italia, walichapisha jaribio la wagonjwa wazima 425 ambao figo zao zilifeli ghafla. Waliochujwa mililita 20 kwa kilo kwa saa walinusurika asilimia 41. Waliochujwa mililita 35, asilimia 57. Dunia nzima ikaongeza kasi ya pampu.

Majaribio makubwa zaidi yakafuata, na matumaini yakapungua. Jaribio la Marekani la 2008 na la Australia na New Zealand la 2009 hayakuona faida ya kuchuja kwa nguvu zaidi. Katika hilo la pili, vifo vilikuwa asilimia 44.7 kwa makundi yote mawili. Mwaka 2013 likaja jaribio la IVOIRE, la wagonjwa 140 wenye mshtuko wa sepsisi na figo zilizoumia, lililolinganisha mililita 70 kwa kilo kwa saa na 35. Kama kutoa sumu kungeokoa watu, hapo ndipo pangeonekana. Hapakuonekana tofauti ya maana. Mwongozo wa watoto wa 2020 haupendekezi kuchuja kwa kiwango kikubwa hivyo badala ya kiwango cha kawaida.

Sababu zake si ngumu kuziona ukiwa karibu na mgonjwa. Mwili unatengeneza saitokaini upya kwa kasi kuliko kichungi kinavyozitoa. Nyingine ni kubwa, hazipiti. Na zinazopita si maadui tu. Zimo pia zile ambazo mwili unazitoa ili kutuliza uchochezi. Chanzo kikibaki, yaani usaha kifuani haujatolewa au utumbo uliotoboka haujashonwa, unachota maji baharini.

Basi tukaja kwenye muda. Ikiwa nguvu haikusaidia, je, kuwahi? Jaribio la IDEAL-ICU la Ufaransa, lililochapishwa 2018, liliwachukua wagonjwa wazima 488 wenye mshtuko wa sepsisi na figo zilizofeli. Kwa kura, nusu walianzishiwa kuchujwa ndani ya saa 12. Nusu wakasubirishwa saa 48 isipokuwa dharura ikitokea. Baada ya siku 90 walikuwa wamekufa asilimia 58 ya waliowahishwa na asilimia 54 ya waliosubiri. Na katika waliosubiri, asilimia 38 hawakuchujwa kabisa, wengi wao kwa sababu figo zao zilirudi zenyewe. Mwaka 2020 jaribio la STARRT-AKI, lenye wagonjwa 2,927 kutoka nchi nyingi, lilikuta vifo asilimia 43.9 na 43.7. Ila kuna jambo lililonifanya nisimame. Katika walionusurika, waliowahishwa walibaki wakitegemea dialisisi kwa asilimia 10.4, na waliosubiri kwa asilimia 6. Katheta, kuganda kwa damu, presha inayoshuka mashine ikianza, vyote vina gharama, na gharama hiyo anailipa hata yule ambaye figo zake zingeamka kesho.

Mtu mzima na mtoto ni wagonjwa wawili tofauti. Kwa watoto tunategemea zaidi madaftari ya wagonjwa kuliko majaribio makubwa ya kura, na madaftari hayo yanasisitiza kitu kimoja: maji.

Tuchukue mtoto wa kilo 12. Amefika na mshtuko, amepewa maji ya dripu ya haraka. Siku ya kwanza na ya pili anapewa adrenalini ndani ya maji, antibayotiki ndani ya maji, glukosi, labda damu. Figo zimelala, mkojo ni matone. Tukijumlisha, zimeingia lita 2.4 na kutoka lita 0.6. Amebaki na lita 1.8 zisizo na pa kwenda. Gawanya kwa kilo 12, zidisha kwa 100: amezidiwa kwa asilimia 15 ya uzito wake. Uso umevimba, macho hayafumbuki vizuri, mashine ya kupumulia inahitaji mgandamizo mkubwa zaidi kuyapanua mapafu yaliyoloa, na tumbo lililokaza linazikaba figo zenyewe.

Mwaka 2010 hospitali kadhaa za Marekani zilichapisha habari za watoto 297 waliochujwa damu. Walioanza wakiwa na maji ya ziada chini ya asilimia 10 walikufa asilimia 29.4, kati ya 10 na 20, asilimia 43.1, kuanzia 20 na kuendelea, asilimia 65.6. Takwimu hizo peke yake hazithibitishi kwamba maji ndiyo yaliyoua, maana mtoto mgonjwa zaidi ndiye anayepewa maji zaidi. Lakini hata ukali wa ugonjwa ulipowekwa kwenye hesabu, uhusiano ulibaki. Mwaka 2024 daftari la WE-ROCK, lenye karibu watoto na vijana 1,000 wa hospitali 32 katika nchi 7, lilionyesha pia kwamba kadiri kuchuja kulivyochelewa ndivyo vifo na figo zisizopona vilivyoonekana zaidi ndani ya siku 90.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kuyaheshimu maji. Jaribio la FEAST lilifanyika kwetu: Kilifi nchini Kenya, Muheza hapa Tanzania, na hospitali 4 za Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini, baadhi yao waliotambuliwa kwa kushika mguu na kubonyeza ukucha kama nilivyoeleza, waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa dripu ya haraka ya chumvi au ya albumini. Wengine hawakupewa dripu ya haraka, walipewa maji ya kawaida ya kuwakimu. Kila daktari aliyefundishwa kwa vitabu vya Ulaya alitegemea kundi la tatu ndilo litakalopoteza watoto wengi. Mwezi Januari 2011 kamati ya usalama ililisimamisha jaribio kabla ya kukamilika. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa chumvi, na asilimia 7.3 ya wasiopewa dripu ya haraka. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kuporomoka kuliko maji kujaa mapafuni. Watoto wenye utapiamlo mkali na wenye kuharisha hawakuingizwa, wala hapakuwa na chumba cha wagonjwa mahututi cha kuwapokea. Bado, mwongozo wa 2020 uliusikia ujumbe huo: pasipo na huduma ya wagonjwa mahututi, na presha haijashuka, mtoto asipewe dripu ya haraka, apewe maji ya kumkimu tu.

Kwangu mimi FEAST ni sehemu ya mada ya leo moja kwa moja. Mililita ambayo hukuiingiza hutahitaji mashine ya kuitoa. Tena wale wazazi, wauguzi na maafisa tabibu wa Kilifi, Muheza, Mbale, Soroti, Lacor na Mulago ndio walioifundisha dunia, na hatuwataji inavyostahili.

Kwa hiyo "mapema" naitafsiri hivi kazini. Mtoto akikaribia asilimia 10 ya maji ya ziada, timu inakaa na chati: maji gani tunaweza kupunguza, dawa zipi tuzifanye nzito zaidi kwa ujazo mdogo. Presha ikiwa imetulia, anajaribiwa kwa furosemidi. Mkojo ukija, tunashukuru na kungoja. Usipokuja, daktari wa katheta anaitwa siku hiyo hiyo, mchana, mtoto akiwa bado anavumilia, na si saa nane usiku akiwa na asilimia 25. Mwongozo wa 2020 nao unaelekea huko: unapendekeza kuchuja ili kuzuia au kutibu maji yaliyozidi, pale kupunguza maji na dawa za kukojoza vinaposhindikana, ingawa ushahidi wake wenyewe unauita dhaifu. Potasiamu ikipanda hadi kutishia moyo, au asidi ikikataa kurekebika, hapo hakuna kungoja asilimia yoyote.

Wazazi waelewe pia kwa nini mtoto mdogo si mtu mzima aliyepunguzwa. Mtoto wa kilo 10 ana damu kiasi cha mililita 800. Mirija na kichungi vikibeba mililita 100, moja ya nane ya damu yake iko nje ya mwili. Mtoto mchanga wa kilo 3 ana mililita 250 hivi. Kifaa cha mililita 60 kinachukua karibu robo. Ndiyo maana tunaijaza mirija damu ya kuchangiwa kabla ya kuanza, na damu hiyo ina potasiamu nyingi na kalsiamu ndogo, hivyo dakika 10 za kwanza muuguzi mmoja anatazama skrini ya moyo na mwingine ameshika kalsiamu na adrenalini mkononi. Damu inayozunguka nje inapoa, kwa hiyo homa ya mtoto inaweza kufichika na kipimajoto kikasoma kawaida. Ikiganda kwenye kichungi, yote iliyomo inapotea. Ni hivi karibuni tu mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga ilipopatikana. Ya kwanza ya aina ya CARPEDIEM ilitumika Vicenza mwaka 2013, kwa mtoto mchanga.

Hospitali zetu nyingi hazina mashine hizo, na zilizo nazo mara nyingi hazina vichungi vya saizi ya mtoto. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu naona tunakata tamaa mapema mno. Mtoto ana kichungi chake tayari: utando unaofunika ndani ya tumbo. Georg Ganter alijaribu dialisisi ya tumbo kwa binadamu huko Ujerumani mwaka 1923, miaka 20 kabla ya pipa la Kolff. Katheta laini inapitishwa kwenye ukuta wa tumbo. Maji yenye glukosi na chumvi, yaliyopashwa hadi joto la mwili, yanaingizwa, yanakaa, yanatolewa. Glukosi inavuta maji kutoka kwenye damu. Haihitaji umeme, haihitaji kuzuia damu isigande, na haitoi damu nje ya mwili hata tone. Hospitali ya KCMC pale Moshi ilianza huduma hii kwa wagonjwa wa figo zilizofeli ghafla mwaka 2009, na tangu 2012 mpango wa Saving Young Lives, unaoungwa mkono na vyama vya kimataifa vya wataalamu wa figo, umefundisha timu katika nchi mbalimbali za Afrika.

Rudini kwa mtoto wetu wa kilo 12. Muuguzi anaingiza mililita 120, anaandika saa. Baada ya muda anafungua, zinatoka 135. Tofauti ni 15. Inaonekana ndogo, lakini kila saa, kwa saa 24, ni mililita 360 zilizotoka bila presha kuyumba. Maji ya dukani yasipopatikana, mwongozo wa kimataifa wa dialisisi ya tumbo wa 2020 unaeleza jinsi ya kuyatengeneza wodini kwa usafi mkali, kwa mfano kutokana na Ringer's lactate na glukosi ya asilimia 50. Kwa mtoto mwenye mshtuko au ini lililoumia, yenye bikaboneti ndiyo bora, kwani laktati itamlemea. Hatari zake ni maambukizi ya tumbo, kuvuja kandokando ya katheta, sukari kupanda, na tumbo lililojaa kubana pumzi. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo juzi hafai. Wengine wengi wanafaa.

Lakini iwe kwa mashine au kwa tumbo, hesabu yote niliyoitoa inahitaji namba moja ambayo mara nyingi nikifungua faili siioni: uzito wa mtoto siku aliyofika. Mtoto akishavimba hupimi tena uzito wake, unapima maji. Naomba kila idara ya dharura iwe na mizani kando ya kitanda cha kwanza, na nepi zipimwe kabla ya kutupwa, maana mkojo wa mtoto asiye na katheta uko humo.

Na atakapopona, mzazi asiambiwe tu "nendeni salama". Figo iliyolala kwa sepsisi inaweza kuamka na kovu. Mwongozo wa kimataifa wa figo wa KDIGO wa 2012 unataka mgonjwa aliyeumia figo ghafla atazamwe tena baada ya miezi 3. Kwa mtoto maana yake ni kumpima presha kwa mkanda wa saizi ya mkono wake, kupima kreatinini, na kuangalia protini kwenye mkojo. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi kabla hajatoka wodini, na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki asipewe bila daktari kujua kwamba figo zake ziliwahi kulala.